Siku Nne Alizonyamaza Dada Yangu

Ukitaka kufika mahali upesi katika mtaa ule, usitoke na dada yangu. Kutoka kwenye nyumba anayokaa mpaka zahanati anayofagia ni mwendo wa dakika sita kwa mtu mwenye magoti mazima. Asubuhi ya kwanza tulitumia saa nzima, na magoti yangu hayakuwa na kosa lolote.

Nilikuwa nimeshuka jana yake na begi langu moja, kumjulia hali, maana tulikuwa hatujaonana miaka tisa. Mimi ni mtu wa njiani. Nimelinda maghala, nimepakia mizigo, nimepaka rangi vyumba ambavyo sikuwahi kulala ndani yake, na miji niliyopita ni mingi. Lakini mtaa kama ule sikuwa nimeuona. Nyumba za ghorofa nne, tano, zimebanana kama watu wanaojikinga mvua. Nguo zimeanikwa kutoka dirisha hili mpaka la ng'ambo. Chini, kila mlango ni duka: vitambaa, simu mbovu, masanduku, sufuria, mabomba. Muuza vitambaa ananadi kwa lugha moja, mteja anabisha kwa nyingine, na mwisho wanaelewana kwa vidole. Watoto nao wana yao. Wanatukanana kwa lugha ya huyu, wanapatana kwa lugha ya yule, na mpira wanauchezea kwa zote.

Kila mlango dada yangu anasimama, na kila mlango anabadilisha ulimi kama mtu anavyovua viatu hivi akavaa vile. Mimi nyuma yake natikisa kichwa tu na kucheka pale wengine wanapocheka. Kinyozi alitoa kichwa nje, wembe mkononi, mteja ana povu nusu uso, akasema kitu kirefu huku ananionyesha kwa kidevu.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema kama wewe ndiye mchumba niliyekuwa namsubiri miaka yote hii, basi heri ningeolewa na yeye tu. Yeye angalau ana meno."

"Mwambie mimi ni kaka yako."

"Nimeshamwambia. Anasema pole yangu."

Mtaa mzima unamwita Midomo Saba. Si jina la dharau. Aliletwa pale na mume wake, dereva wa lori, akiwa msichana asiyejua hata kuuliza choo kiko wapi. Akapata kazi ya kudeki ngazi za nyumba moja ya ghorofa sita, na kila ghorofa ilikuwa na watu wa lugha yao. Akawa anajifunza kwa kusalimia. Anadeki mbele ya mlango, mlango unafunguliwa, anasema "habari za asubuhi" kama alivyosikia jana, wanamcheka, wanamsahihisha, anaendelea na ngazi. Aliniambia lugha za ghorofa za chini anazijua vizuri kuliko za juu, kwa sababu akifika juu huwa amechoka.

Mume wake alikufa barabarani mwaka wa nne. Naandika jambo hili kwa sababu bila hilo huwezi kumwelewa dada yangu. Aliyekuja kumpa habari ni askari mmoja, alimkuta kwenye ngazi na tambara la kudekia mkononi. Akamuuliza jina, akamsomea kwa pumzi moja kama anayesoma namba ya gari, akateremka zake. Dada alikaa pale pale kwenye ngazi mbichi kuanzia asubuhi mpaka watu waliporudi kazini. Watu wakamruka wakidhani anapumzika.

"Maneno yale yaliingia bila hodi, kaka," aliniambia zaidi ya mara moja. "Habari kama ile inatakiwa ije na mtu wako. Akae. Aombe maji. Aanze mbali."

Kwetu ndivyo tulivyokuzwa. Mgonjwa hatamkiwi ugonjwa wake na mtu baki, na mfiwa habandikwi habari usoni. Anaambiwa ndugu, ndugu anajua mlango wa kuingilia. Marehemu baba yetu alipokuwa anaumwa, mama alijua, mimi nilijua, jirani alijua. Baba mwenyewe aliambiwa ana uchovu.

Sasa, pale zahanati dada ni mfagiaji. Ameandikwa hivyo, na koti lake la buluu linasema hivyo. Lakini madaktari wanazungumza lugha ya ofisini, na nusu ya wagonjwa wana ile ya kununulia mkate tu. Basi mlango unafunguliwa, daktari anatoa shingo: "Mama, hebu njoo kidogo." Dada anaegemeza ufagio ukutani, anaingia, anabeba maneno ya huyu kumpelekea yule. Miaka kumi na tano. Hakuna aliyemfundisha wala aliyemuuliza anayabebaje.

Siku ya pili alinipeleka kwa Fundi Saa.

Duka lake lilikuwa upana wa mlango na nusu, chini ya ngazi za nyumba aliyokuwa anadeki dada zamani. Meza moja yenye kioo, taa ya shingo ndefu, na ukutani saa thelathini hivi, zote zinakwenda, hakuna mbili zinazokubaliana. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mfupi, shati limepigwa pasi, amebana kikombe cha kioo cha kukuzia vitu kwenye jicho la kulia, na kwa kibano amekamata skrubu ambayo mimi niliidhani ni vumbi. Kwao ni mbali. Lugha yetu alifundishwa na dada, miaka ishirini juu ya meza ile, wakati wa mapumziko yake ya mchana. Aliisema vizuri, ila taratibu, kama mtu anayepanga vyombo.

"Shemeji!" akasema, hata sijatambulishwa.

"Nani shemeji yako?" dada akamrukia. "Umetoa posa lini?"

"Kila mwaka natoa. Wewe ndiye hujibu."

"Niolewe na wewe! Jicho lenyewe zima ni moja, nalo ni la saa. Mimi utaniangalia kwa lipi?"

Akacheka mpaka kikombe kikamdondoka. Ndipo nikaona lile jicho la kushoto lilikuwa jeupe, la tangu utotoni, kazi ya surua. Utani ule walikuwa wameuchakaza miaka ishirini, na nilivyowatazama, sikuwa na hakika kama ulikuwa utani kwa wote wawili.

Siku hiyo furaha yake ilikuwa kubwa. Binti yake alikuwa anakuja Jumapili. Aliondoka akiwa na miaka kumi na saba kwenda kusoma na kufanya kazi nchi nyingine, na huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja. Fundi alikuwa amepaka chokaa chumba cha nyuma, amenunua shuka mpya, amezitoa kwenye mfuko na kuzirudisha mara sijui ngapi.

"Nitamjua?" akaniuliza. "Shemeji, wewe umetembea sana. Mtoto akikaa miaka kumi na moja, uso unabadilika kiasi gani?"

"Utamjua," nikasema.

"Kwenye simu anaonekana, ndiyo. Lakini simu ni dogo." Dada akamsahihisha, "Simu ni ndogo." "Simu ni ndogo," akarudia, kama mwanafunzi. Halafu akafikicha jicho. "Tangu jana kuna kitu. Kuna vimulimuli, na huku chini pana giza kidogo. Kama maji kwenye beseni. Naona kila kitu, ila chini pana maji."

Dada akamwambia kesho aje zahanati mapema, kabla foleni haijawa ndefu.

Kesho yake, Jumatano, nilikwenda nao. Sikuwa na kazi, na Fundi aliomba niwepo, akasema mwanamume mmoja zaidi chumbani hupunguza woga. Daktari alikuwa msichana tu, mwenye miwani mikubwa, mikono yake baridi, nadhani, maana Fundi alishtuka alipomgusa. Alimmulika jicho muda mrefu. Akarudi nyuma akavua miwani. Kisha akaanza kusema, akimtazama dada.

Lazima nieleze nilichosikia. Lugha ya ofisini siijui. Lakini nimepakia mizigo kwenye stesheni na maghala miaka mingi, na wasimamizi wa mizigo wote wanapiga kelele kwa maneno yale yale. Maneno ninayoyajua ni hayo tu: *haraka. Leo. Usichelewe. Kabla ya kesho.* Yule msichana hakupiga kelele, lakini aliyasema yote manne. "Leo" alilisema mara tatu. Akaandika karatasi, akaipiga muhuri, akaipigia mstari chini, akampa dada.

Dada akamgeukia Fundi. Akavuta kiti akakaa karibu naye, goti kwa goti.

"Anasema jicho limechoka," akasema. "Kuna kitu kidogo huko nyuma kimelegea. Wenzake wa hospitali kubwa watakiangalia vizuri. Hakuna haraka. Wiki ijayo, tukijaliwa, tutakwenda. Kwa sasa upumzike, usikazie macho skrubu zako."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Fundi akanyanyuka akamshika daktari mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa yale maneno machache aliyokuwa nayo ya kuuzia betri. Yule msichana akatabasamu, akajua ameeleweka. Akaita mgonjwa mwingine. Ile karatasi nikaiona ikiingia mfukoni mwa koti la buluu.

Jioni tulikuwa chumbani kwa dada, anakunja makoti yake ya kazi. Nikakohoa.

"Dada, yule daktari alisema leo."

Hakuinua uso. "Umeanza lini kujua lugha ya ofisini?"

"Leo naijua. Nimefokewa nayo miaka thelathini."

Akaacha kukunja. "Kaka, sikiliza. Jicho lile linataka kupasuliwa. Jicho lenyewe ndilo hilo hilo moja. Wewe unataka nimwambie yule bwana neno hilo, halafu arudi kulala nalo peke yake kule nyuma ya duka? Hana mke, hana ndugu. Nani atakaa naye? Saa zake?"

"Kwa hiyo?"

"Mtu wake anakuja Jumapili. Nitamwambia mtu wake, kwa utaratibu, na yeye atajua atakavyomwambia baba yake. Siku nne tu. Mwache apokee mtoto wake na moyo uliotulia."

"Na jicho litasubiri?"

"Wale ni vijana, kila kitu kwao ni haraka. Mtu akipiga chafya ni haraka. Nimefagia pale miaka kumi na tano, nimebeba haraka nyingi, na watu wako hai wanatembea hapo nje."

Nilikuwa mgeni, nimekula chakula chake, nalala kwenye godoro lake. Yeye ndiye mwenye lugha saba, mimi nina maneno manne. Tena ukweli ni kwamba na mimi nilikuzwa nyumba ile ile. Niliona ni heshima. Nikasema "haya", nikamsaidia kukunja mikono ya koti. Nimesema "haya" nyingi katika maisha yangu. Hiyo ndiyo ninayoamka nayo.

Alhamisi Fundi aliendelea na kazi, ila kwa kuinamisha kichwa, kama anayetafuta kitu sakafuni. Aligundua kwamba akitazama chini hivyo, kitu kinamjia kwa juu, pale palipobaki pakavu. Ijumaa nilipopita alisema, "Shemeji, leo nimekuona kichwa na mabega. Miguu umeiacha nyumbani?" Nikacheka. Nilipogeuka kona nikakimbia, na magoti yangu haya, mpaka zahanati.

Dada alikuwa anadeki ukumbi. Nikamwambia maji yamefika kifuani. Akasimama, tambara linachuruzika kwenye viatu vyake.

"Kesho kutwa tu, kaka," akasema. Lakini sauti ilikuwa imepungua.

Jumamosi hakunywa hata chai. Alikwenda zahanati siku isiyo zamu yake, akakuta yule msichana hayupo mpaka Jumatatu. Tukaenda moja kwa moja kwa Fundi. Tulimkuta amepanda kiti anatundika pazia la chumba cha binti, analitafuta kwa vidole.

"Shuka hapo," dada akamwambia. "Vaa viatu. Tunakwenda hospitali kubwa sasa hivi."

"Leo? Leo siwezi. Pazia, halafu kufagia, halafu nanyoa nywele. Kesho mtoto anafika."

"Twende, Fundi. Tutarudi jioni."

"Jirani, wewe mwenyewe ulisema hakuna haraka."

Pale ndipo palipokuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi kabisa, kilichobaki ni kuingia tu. Nilimtazama dada. Nikaona midomo inafunguka. Yule bwana alikuwa juu ya kiti, pazia la maua mikononi, anacheka, na kichwa amekiinamisha kwa ile namna yake mpya apate kumwona. Dada akafunga midomo. Akasema, "Nilidhani... basi. Kesho, akishafika." Akamshikia kiti asianguke. Alikishika mpaka pete ya mwisho ya pazia ilipoingia kwenye waya.

Na mimi? Mimi nilishika upande wa pili wa kiti.

Binti alifika Jumapili mchana. Mtaa wote ulikuwa unajua. Kinyozi alifunga duka, muuza vitambaa alitoka na wake zake, watoto waliacha mpira. Fundi alisimama mbele ya mlango, nywele zimenyolewa, shati jeupe. Teksi ikasimama, akashuka mwanamke mrefu, sura pana, akainua mkono kumpungia.

"Namwona!" Fundi akasema. "Mkono ule, namwona mkono!"

Binti akashusha mkono ili amkumbatie baba yake, na mkono ulipoteremka, Fundi akaupoteza. Nilimwona akiupoteza. Akabaki ameelekea pale juu mkono ulipokuwa, anatabasamu, wakati mtoto ameshamfikia kifuani. Ikabidi amshike uso kwa vidole: paji, nyusi, mashavu. Mafundi wa saa wana vidole laini sana.

"Umekuwa mrefu," akasema. "Mbona hukuniambia umekuwa mrefu?"

Watu walipiga makofi. Binti hakupiga. Alimtazama baba yake usoni, akapitisha kiganja mbele ya jicho, taratibu, mara moja, na tabasamu likamtoka.

Dada alimwita nyuma, kwenye chumba kile cha pazia. Alikuwa amejiandaa siku nne. Akamkalisha kitandani, akampa maji, akaanza mbali, kama alivyotaka aanziwe yeye siku ile ya ngazi. Alianza na afya ya baba, kwamba kwa ujumla ni mzima, kwamba umri nao, kwamba siku hizi kulikuwa na uchovu uchovu...

"Mama, sema," binti akamkatiza.

Dada akatoa karatasi. Ilikuwa imelainika kwa kukaa mfukoni. Binti alisoma lugha ya ofisini kama maji. Alisoma mara moja, akasoma tena juu, kwenye tarehe.

"Hii ni ya Jumatano."

"Nilikuwa nakusubiri wewe, mwanangu. Nilitaka uambiwe wewe kwanza."

Yule binti alitoka, akamshika baba yake mkono, na teksi iliyomleta, ambayo hata haijageuza, ikawabeba. Sahani zilizokuwa zimepangwa mezani zilifunikwa kwa kitambaa, na wale waliokuja kusherehekea wakatawanyika mmoja mmoja.

Walimpasua Jumatatu. Siku ya tatu wakamfungua bandeji, na sisi tulikuwepo, dada mlangoni na koti lake la kazi, mimi nyuma yake. Daktari mkubwa alimulika, akauliza vidole vingapi. Fundi akasema, "Wewe una taa. Taa naiona." Akauliza tena. "Taa," akasema Fundi. Daktari akazima, akamwambia binti maneno mafupi. Sikuyajua, ila moja. *Kuchelewa.*

"Anasemaje?" Fundi akauliza.

Binti akamtazama dada yangu. Hakumtazama kwa hasira, nilitamani ingekuwa hasira. Alimtazama kama mtu anayeshikilia mlango ili mwingine apite.

Dada akaenda mpaka kando ya kitanda. Hakukaa wala hakuomba maji. Alisema kwa lugha yetu, ile aliyomfundisha.

"Anasema mmechelewa. Anasema ungekuja Jumatano, jicho lingepona. Yule msichana alisema hivyo hivyo, alisema leo, leo, leo. Mimi sikukwambia. Nilikwambia hakuna haraka. Yalikuwa maneno yangu, hayakuwa yake."

Nje kulikuwa na kigari cha kusukumia vyombo kinapita, gurudumu moja linalia. Tulisikiliza kikipita mpaka mwisho wa ukumbi.

"Ni basi moja tu," Fundi akasema. "Kutoka dukani mpaka hapa. Basi moja. Jumatano nilikuwa natembea mwenyewe."

"Najua."

"Ningekuja peke yangu, Jirani. Ningeogopa, lakini ningekuja."

Fundi akageuza uso, akawa anatafuta upande niliopo.

"Shemeji, wewe ulikuwemo mle chumbani."

"Nilikuwemo."

"Ulisikia?"

Mtu akiwa kipofu hawezi kukuona unavyotikisa kichwa. Lazima useme.

"Nilisikia leo," nikasema. "Nililisikia mara tatu."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama anayekubali bei. Hakuniita shemeji tena tangu hapo.

Dada aliendelea kufagia. Yule msichana wa miwani alimwita kama zamani, "Mama, hebu njoo kidogo," na dada akamjibu bila kusimama, "Mimi hapa ni wa ufagio, daktari. Tafuta mtu." Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimshika koti, akamsihi kwa lugha ya ghorofa ya tatu. Dada alimtoa mkono kwa upole, akachovya tambara kwenye ndoo. Nyumbani alikuwa ananipakulia, anakaa mbele yangu, na maneno yetu yalikuwa ya chumvi na maji tu. Usiku alilala vizuri au la, sijui. Asubuhi kitanda chake nilikikuta kimetandikwa kila siku.

Mtaani hakuna aliyemtukana. Waliendelea kumsalimia, kila mlango na lugha yake. Lakini sasa alikuwa anafika kazini kwa dakika sita.

Binti hakuwa na namna ya kubaki, na baba hakuwa na namna ya kubaki peke yake. Saa zikauzwa kwa mkupuo kwa mtu wa simu mbovu, meza ya kioo pia. Asubuhi ya kuondoka gari lilikuja mapema, barabara bado mbichi. Binti alikuwa anapakia masanduku. Fundi alisimama ukingoni mwa njia, kofia kichwani, fimbo mpya ameishika kama kitu cha kuazima.

Mimi nilikwenda kumuaga. Dada alikuja nami, lakini hatua kama tatu kabla ya kumfikia alisimama, akanizuia kwa mkono, akaziba mdomo wake kwa ncha ya kanga.

Nikakohoa.

"Ni wewe, mzee," Fundi akasema.

"Ni mimi. Safari njema."

"Asante." Akahamisha fimbo mkono wa pili. "Dada yako yupo hapo?"

Nilimtazama. Alikuwa karibu kiasi kwamba Fundi angenyoosha fimbo angemgusa. Machozi yalikuwa yanapita juu ya vidole vyake na kuingia kwenye kitambaa, bila sauti hata kidogo. Akatikisa kichwa. Hapana.

"Hayupo," nikasema.

"Haya." Akageuza uso kidogo, akaelekea nilipotazama mimi, au pengine ni mimi ninayefikiri hivyo. "Mwambie..."

Tukangoja, mimi na yeye na dada. Binti akafunga buti. Kinyozi alikuwa anapandisha mlango wake wa bati, na kelele ile ikachukua nafasi yote.

"Basi," Fundi akasema. "Usimwambie kitu."

Akainama, akaingia, binti akamwekea mguu ndani. Dada aliutoa mkono mdomoni pale gari lilipokwisha kukata kona. Akasema neno moja, kwa lugha ya kwao Fundi, ambayo mimi siijui. Sikumuuliza maana yake, na hakunitafsiria.